Kati ya Kituo cha Tatu na Nyumbani

Mimi ndiye niliyeyatafsiri maneno ya mchezo, kwa hiyo siwezi kumtupia mtu mwingine lawama. Mkenya mmoja wa hapa Doha alituletea mchezo ule ndani ya kompyuta yake, wote kwa Kiingereza, na katika sisi sita hakuna hata mmoja aliyewahi kushika gongo la besiboli. Yeye mwenyewe alifundishwa na Mfilipino mmoja wa ofisini kwao. Tuliupenda kwa sababu hiyo hiyo ya kutoujua. Tungeanzisha ligi ya mpira wa miguu tungegombana siku ya kwanza, maana kila mwanamume ninayemfahamu Doha ni kocha. Kwenye besiboli wote tulikuwa mbumbumbu, na mbumbumbu hawana kiburi.

Ijumaa moja baada ya Alasiri akatuita kwake Al Mansoura, akasema leo tunafanya drafti. Mimi nikafika na mfuko wa vizibo vya soda, nimejiandaa kuwafunga wote, kwa kuwa drafti ninayoijua mimi huchezwa kwenye ubao. Mkenya alicheka mpaka akakaa chini.

"Manze, hii ni draft ingine kabisa," akasema. "Hapa tunachagua wasee wa timu."

Akatueleza. Kompyuta huwabuni vijana wa miaka kumi na minane ambao hawapo duniani. Inawapa urefu, inawapa kasi ya mbio, nguvu za mkono, jicho, hata mji waliozaliwa. Kila mmoja wetu ana timu yake, na tunawachagua vijana hao kwa zamu. Duru ya kwanza ndiyo yenye vijana wa maana; huko chini unaokota makombo. Tukishachagua, kompyuta inacheza mechi zenyewe usiku na mchana, na kila baada ya miezi miwili hivi unaisha msimu mmoja, kila kijana anaongezeka mwaka.

Majina ya mambo yalikuwa tatizo. Mimi nimekulia Tanga nikicheza rede, na rede ina lugha yake: ukipigwa na mpira umekufa, unatoka, unakaa pembeni na marehemu wenzako mnakula ubuyu mpaka mchezo uanze upya. Basi nikaubandika mchezo wa Wamarekani maneno ya rede. Anayetolewa, amekufa. Zile pembe nne za uwanja anazozunguka mkimbiaji, tatu nikaziita vituo, na ile ya nne, pale anapoanzia na anapotakiwa kurudi ili apate pointi, nikaiita nyumbani. Watu wakayapokea. Baada ya mwezi hata Mkenya alikuwa akisema, "Yule wangu alikufia second, sorry, kituo cha pili."

Tukaweka na desturi moja. Majina ya Kizungu ya kompyuta yalitushinda kutamka, lakini kuyabadilisha yote kungekuwa kazi ya mwaka. Tukakubaliana kwamba anayechaguliwa duru ya kwanza, na huyo peke yake, apewe jina la mtu wa nyumbani. Mkenya alimpa wake jina la babu yake. Mimi nilimpa wangu jina la baba, ambaye maishani mwake hakuwahi kukimbia hata mvua.

Aliyebahatika kuchagua wa kwanza kabisa alikuwa dereva mmoja wa Unguja, anayeendesha gari la familia moja huko Al Wakrah. Mtu mpole, nguo zake zimenyooka saa zote, anacheka kwa mabega. Akamchagua kijana mwenye nguvu za kutisha na miguu myepesi, akamwandika jina, akasema, "Huyu mdogo wangu." Hatukumuuliza zaidi. Kila mtu pale alikuwa na mtu wake.

Nitasema sasa hivi jambo ambalo wakati ule sikulijua, ili asiyekuwepo asidhani nilifanya makusudi. Yule mdogo wake alikuwa hajulikani alipo. Aliondoka kwao ana miaka kumi na tisa, kwa ugomvi wa nyumbani ambao dereva hakupenda kuusimulia. Alisema anakwenda Maskati. Ikaja salamu moja kutoka mbali zaidi ya Maskati, kisha kimya. Mjomba wao alitaka asomewe hitima yaishe. Mama akakataa katakata. Alisema hapatasomwa kitu chochote nyumbani mwake mpaka aje mtu anayejua, amwambie kwa mdomo wake kwamba mwanawe amekufa.

Mimi kwenye ligi kazi yangu ilikuwa tathmini. Kila msimu ukiisha nilikuwa nawapima waliochaguliwa duru ya kwanza: nani ameiva, nani amedoda, nani aachwe aende zake. Kwa kuwa baadhi yetu ni madereva na walinzi, na mtu hawezi kusoma huku anaendesha, nilikuwa natuma kwa sauti kwenye kundi letu la simu, kila mchezaji na kipande chake. Mdomo wangu hauna breki, na sikuona sababu ya kuifunga. Nilimwambia Mkenya kwamba babu yake anapiga gongo kama anayefukuza kuku jikoni. Niligundua pia jambo ambalo wanaume walichelewa kuliona: wao walikuwa wanachagua nguvu, na nguvu huja hata baadaye. Kisichokuja ni jicho. Kijana anayejua kuuacha mpira mbaya upite, huyo utamlia matunda miaka kumi. Anayerukia kila kinachorushwa atakufia pale pale aliposimama.

Kijana wa dereva alikuwa mrukiaji. Siku ya kwanza tu nilisema huyu ana pupa, na nikawa namwita Bwana Pupa msimu baada ya msimu. Dereva alikuwa anacheka kwa mabega. Siku moja, tukiwa tumekwishacheza misimu kumi na miwili, alinikuta kwenye mgahawa wa chai ya karaki nyuma ya ninapoishi, mtaa wa Najma, akaniambia, "Unajua, dada, amenipita umri. Mie n'na ishirini na nane, yeye keshafika thelathini." Nikacheka. Yeye siku hiyo hakucheka, naye alikuwa akiitazama chai tu.

Ndipo Mkenya akaja na wazo. Wale wa duru ya kwanza ya drafti yetu ya kwanza kabisa sasa walikuwa watu wazima, wengine magoti yamekwisha. Turudi nyuma, akasema, tuwapime upya wote sita, tuone nani alichagua vizuri na nani alidanganywa na macho. Kazi ikawa yangu, na nikaifurahia, kwa sababu nilikuwa nimeshinda. Baba yangu wa kompyuta alikuwa na jicho kuliko wote.

Siku mbili kabla sijarekodi, dereva akanijia tena.

"Dada'angu, n'nakuomba kitu. Huyu wangu safari hii usimchezee. Mseme kwa heshima."

"Hee! Kwani ni posa?"

"Mseme kwa heshima tu. Unaweza kusema hafai. Lakini kwa heshima."

Nikadhani ni uanaume umemkaba. Nikamwahidi.

Nilirekodi Alhamisi asubuhi, siku yangu ya mapumziko. Wenzangu watatu wa chumbani walikuwa kazini. Nikazima kiyoyozi kisingurume, nikakaa juu ya kitanda na joto lile likinipanda mgongoni. Lazima niseme kwamba sauti ndiyo kazi yangu. Ninapokea simu hotelini, na nimefundishwa kumwambia mtu habari mbaya, kwamba chumba hakuna, kwamba mgeni wake ameshaondoka, kwa namna ambayo atanishukuru. Wale watano niliwasema kwa sauti yangu ya Tanga. Kwa huyu mmoja nilitumia sauti ya kazini.

Nimekisikiliza kile kipande mara nyingi mno, ninakijua kwa moyo. Kinasema hivi:

"Asalaam alaykum ndugu zangu." Kisha ninataja jina lake, la kwake na la baba yake. "Huyu alikuwa wa kwanza wetu. Mungu alimpa nguvu, akampa mbio, bahati hakumpa. Alikuwa na haraka ya ujana, na nani kati yetu hakuwa nayo. Mara ya mwisho alikwama kituo cha tatu muda mrefu, akisubiri wa kumsaidia. Akatoka pale akikimbia kurudi nyumbani, akafa kabla hajafika. Alikuwa ameshapaona. Hakuna wa kumlaumu. Nasema tumwachie aende, na tumkumbuke kwa uzuri."

Hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Mkimbiaji alitoka kituo cha tatu, mpira ukamtangulia. Kila neno lilikuwa sahihi.

Dereva alikisikia akiwa garini, anamsubiri madamu nje ya kliniki. Aliniambia baadaye kwamba alilia. Akataka kujitumia akihifadhi kwenye simu yake ya pili, ile isiyotolewa na kafili, mwajiri wake, na kidole kikagusa kundi la ndugu zake wa Unguja lililokuwa juu kabisa. Madamu akatoka, akaingia, akasema twende. Aliendesha kutoka duka hadi duka, simu ikitetemeka mfukoni, asiweze kuigusa. Alipokuja kuishika zilikuwa zimepita saa tatu.

Alinipigia jioni ile. Sikumtambua sauti.

"Wamekisikia," akasema. "Dada, wamekisikia kile kipande. Nimempigia mama niseme ni mchezo. Ameniambia nisihangaike, keshajua. Nikafungua mdomo, nikasikia watu nyuma yake wanasoma Yasini. Mdomo ukajifunga."

Hapo ndipo aliponieleza habari ya mdogo wake, yote, tangu kuondoka mpaka ile salamu. Nilimfokea. Sitaki kujipamba: nilimfokea mtu aliyekuwa analia. Nilimwambia akate simu yangu apige kwao saa hiyo hiyo, aseme ni mchezo wa kipuuzi wa watu wapuuzi, aseme aliyezungumza ni mwanamke wa Tanga asiyemjua kijana wao hata kwa picha.

"Nikishasema hayo," akauliza, "n'tampa nini badala yake?"

Nikaendelea kufoka.

Kesho yake, baada ya Ijumaa, msikitini kwao wakamsalia sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti ambaye mwili wake haupo. Jioni ikasomwa hitima. Miaka miwili na nusu mama alikuwa amewazuia watu wazima wenye elimu na ndevu zao, na sekunde arobaini za sauti yangu zikamtosha. Mtu anayejua alikuwa amekuja, akamwambia kwa mdomo wake.

Kinachonitafuna zaidi ni heshima. Ningemtukana kama nilivyozoea, ningemwita Bwana Pupa, ningesema anakimbia kama aliyemwagiwa uji wa moto, hata mtoto mdogo angejua huo ni mchezo. Mara moja tu maishani nimejizuia, nikasema kwa upole, na upole wangu ukawa tangazo la msiba.

Mkenya nilipomweleza alishika kichwa.

"Lazima muwaambie, bana. Hata kama ni ngumu. Sasa huyo kijana aki-call kesho?"

Swali hilo ndilo linalolala na mimi. Ninapokea simu mamia kwa wiki. Zamani sikuwa nasikiliza watu, nilikuwa nasikiliza wanachotaka. Siku hizi mwanamume akisema "haloo" kwa lafudhi ya Unguja, mkono wangu unasimama juu ya kibodi. Nangoja ataje jina. Naomba awe yeye, halafu hapo hapo naogopa asiwe yeye, halafu naogopa awe. Tena kuna msemo wa kwetu ambao nilikuwa nautumia ovyo, nikiwasengenya watu: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Siku hizi siutamki. Nikiukumbuka naona kama nimemwelekeza mtu kwa kidole, huko aliko, hajui.

Na kijana wa kompyuta naye hakuambiwa kwamba amesomewa hitima. Niliposema tumwachie aende, uamuzi ulikuwa wa dereva, naye hakumwacha. Ulipoanza msimu mpya, jina lile likaendelea kutokea kwenye matokeo kila siku, jina la marehemu kwa watu wa Unguja na la mtu hai kwetu sisi. Wiki ya kwanza alipiga mipira miwili ikavuka ukuta. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu Najma nikisoma hayo, nikasikia baridi katika joto lile la Doha ambalo hata paka hulikimbia.

Siku kumi baada ya hitima, dereva alisimamisha gari mbele ya mgahawa wa karaki, akaniita kwa mkono. Sikuingia. Nilisimama dirishani.

"Mama anataka kusema nawe," akasema.

"Mwambie ukweli wewe mwenyewe, kabla hajanipigia."

"Nimejaribu mara mbili. Siwezi."

"Basi nitamwambia mimi."

"Mwambie," akasema, bila kunitazama. "Wewe ndiye hodari wa kusema."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Nikajitayarisha. Niliandika kwenye karatasi: Mama, ule ulikuwa mchezo. Mama, simjui mwanao. Mama, nisamehe. Sentensi tatu, nikazisoma kwa sauti ya kazini, nikazisoma kwa sauti ya Tanga, hakuna iliyokaa sawa. Lakini nilikuwa nimeamua. Katika misimu yote ile sijawahi kumpa mchezaji alama asiyostahili, hata kwa kuombwa, hata baba yangu. Nilisema nitaubeba ukweli mpaka masikioni mwa yule mama, kitakachotokea kitokee.

Alipiga Jumamosi saa nne asubuhi. Namba ilianza kwa tarakimu za nyumbani. Nikakaa kitandani, karatasi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ee, ndiwe. Sauti ndiyo yenyewe hiyo."

Akaniuliza hali yangu. Akaniuliza wazee wangu wa Tanga kama wazima. Akaniuliza joto la huko, na kama nakula vizuri, kwa sababu mwanawe dereva kila akimuuliza hujibu kwamba anakula, naye mama haamini. Nilijibu yote. Kila nilipofungua mdomo kusema sentensi ya kwanza, yeye alikuwa ameshaingia na swali jingine la adabu, mpaka maswali ya adabu yakamwishia.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Miye sitaki kujua alivyokufa. Hayo n'meshamwachia Mungu. Wala hicho kituo cha tatu sitaki kujua ki nchi gani, wala walimfanya nini humo. Nataka neno moja tu. Ulisema alikuwa akikimbia kurudi nyumbani. Ulisema hivyo, ama masikio yangu ya utu uzima?"

"Nilisema hivyo, mama."

"Ni kweli? Ama ulitaka kunifariji, kwa kuwa sauti yako ni ya mtu mwenye huruma?"

Niliitazama ile karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu na sikuweza kuusoma. Nilijua kinachotakiwa, na ulimi ulikuwa tayari, na nilichokisikia kikitoka mdomoni ni hiki:

"Ni kweli, mama. Alikuwa anarudi."

Kulikuwa na mtu anayefagia ua upande ule wa simu, fagio likienda na kurudi. Nikadhani ameiweka simu chini.

"Miye nilimwambia asirudi," akasema. "Pale mlangoni, begi lake mkononi, nilimwambia ukitoka, usinirudie tena hapa mpaka nife."

Fagio likanyamaza.

"Basi hakunisikiliza," akasema mama. "Alhamdulillahi."